Kukereza Mapambo ya Ofisi: Mwongozo Kamili Kuanzia Gogo hadi Mezani

Ofisi nyingi za mijini kwetu zimejengwa kwa vioo, alumini na vigae, na samani zake nyingi ni mbao za kubandikwa ambazo ndani yake hakuna mti wa kuonekana. Kipande kimoja cha mninga kilichokerezwa vizuri na kuwekwa mahali panapostahili hubadilisha sura ya chumba kama hicho, na gharama yake huwa ndogo, kwa kuwa vifaa vinavyofaa ofisini ni vidogo na vingi hutoka katika mabaki ambayo seremala wa milango na vitanda angeyachoma au kuyagawa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kugusa kerezo, yaani mashine inayozungusha mbao huku ikichongwa kwa patasi, hata kama ni kwa kujifunza tu, na anayetaka kutengeneza vifaa vya ofisi yake mwenyewe au vya kuuza.

Mambo mawili yanatawala yote yatakayofuata. La kwanza ni kwamba pambo la ofisi linapaswa kuwa na kazi: lishike kalamu, lioneshe saa, litoe mwanga au lining'inize mkoba, kwa sababu meza ya kazi haina nafasi ya kitu kinachokaa bure. La pili ni kiyoyozi. Karakana nyingi za Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ziko wazi kwa hewa ya pwani, ilhali ofisi inakokwenda kazi hiyo imefungwa madirisha na kukaushwa hewa mchana kutwa. Mbao hujikunja na kupasuka katika safari hiyo fupi, na kwa maoni yangu kazi nyingi za kukereza zinazoharibika ofisini huharibiwa na unyevu kuliko mkono mbaya wa fundi.

Kuchagua mti

Kwa ofisi, mninga ndio mti wa kwanza kuufikiria. Uzito wake ni wa wastani, takriban kilo 600 hadi 650 kwa mita ya ujazo, rangi yake huanzia kahawia ya dhahabu hadi wekundu uliokolea, na sifa yake kubwa ni kwamba husinyaa kidogo sana unapokauka, hivyo umbo ulilolikereza hubaki karibu vilevile. Hukatika vizuri kwa patasi kali na hupokea mafuta bila madoa. Vipande vyake vifupi hupatikana kwa mafundi samani wa Keko jijini Dar es Salaam, hasa mabaki ya miimo ya milango na miguu ya vitanda, ambayo huwa na unene wa inchi mbili hadi nne unaotosha kabisa kazi za mezani.

Msaji nao unafaa, na una faida ya kupandwa: mashamba ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro yamekuwa yakitoa mbao zake kwa miaka mingi. Una mafuta ya asili yanayoulinda dhidi ya unyevu, lakini pia una chembechembe za silika zinazomaliza makali ya patasi haraka, kwa hiyo mwenye msaji na awe na jiwe la kunolea karibu. Mvule una kasoro inayofanana na hiyo: mara nyingine huficha ndani yake vijiwe vya chokaa ambavyo hungoja patasi iliyotoka kunolewa. Mkongo ni mzito na wenye heshima, unafaa kwa kitako cha taa kinachohitaji uzito ili kisianguke.

Mwembe ni mti ambao wengi huudharau, nami naona wanakosea. Mwembe uliokatwa kupisha ujenzi na kulala chini kwa muda huanza kupata mistari myeusi na mabaka ya kuvu yasiyofanana katika vipande viwili, na mistari hiyo ikikaushwa kwa wakati kabla mbao haijaoza hutoa bakuli ambalo hakuna rangi ya dukani inayoweza kuliiga. Tahadhari zake ni mbili: mbao yake hupendwa na wadudu, hivyo itibiwe mapema, na utomvu wa mti mbichi huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Mfenesi, wenye manjano yanayogeuka kahawia kadiri unavyopigwa na mwanga, nao ni mzuri kwa bakuli na vikopo. Msindano uachwe kwa mazoezi, na mkaratusi uachwe kabisa kwa kazi hizi, kwa kuwa hupasuka sana unapokauka.

Mpingo unahitaji aya yake. Kilo zaidi ya 1,200 kwa mita ya ujazo humaanisha kwamba huzama majini, hung'aa kwa kusuguliwa tu bila vanishi, na hukatika kwa usafi unaokaribia ule wa chuma laini. Hata hivyo hukua polepole mno, vipande vikubwa visivyo na nyufa ni adimu, na bei yake haina huruma. Ushauri wangu ni kuutumia kidogo kidogo: nukta za saa, pete ya kupambia mdomo wa kikopo, kishikio cha kifuniko. Mtu anayekusudia kupeleka mpingo ng'ambo ajue pia kwamba karibu jenasi yake yote, Dalbergia, iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017. Zipo nafuu kwa bidhaa zilizokamilika zenye uzito mdogo, lakini ni busara kumwuliza afisa misitu kabla ya kufunga mzigo. Kwa mbao zote za asili, nunua kwa muuzaji anayeweza kutoa risiti na kuonesha kwamba mzigo wake ulisafirishwa kwa kibali cha misitu.

Kukausha mbao kwa ajili ya chumba chenye kiyoyozi

Mbao hunyonya na kutoa unyevu mpaka ilingane na hewa inayoizunguka. Katika hewa ya joto yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ni hali ya kawaida ya pwani, mbao hutulia ikiwa na maji ya takriban asilimia 15 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Katika chumba chenye unyevu wa asilimia 50, hutulia karibu na asilimia 9. Tofauti hiyo ya asilimia sita au saba ndiyo inayofanya bakuli lililokuwa duara kamili siku ya kukabidhiwa liwe na umbo la yai baada ya wiki chache, na ndiyo inayofungua ufa kwenye kitako cha kikopo.

Kanuni ya zamani ya maseremala husema ubao uliopangwa kivulini, penye upepo, hukauka kwa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu, na zaidi ya yote huufikisha ubao kwenye unyevu wa karakana, si wa ofisi. Kwa hiyo fanya hivi. Kata vipande vyako kwa ukubwa unaozidi kidogo kipimo cha mwisho, na uepuke kabisa moyo wa mti, yaani kile kiini chembamba cha katikati ya gogo, kwa kuwa nyufa huanzia hapo. Paka nta iliyoyeyushwa au rangi nzito kwenye ncha mbili zilizokatwa kukingama na nyuzi, maana maji hutoka hapo kwa kasi zaidi kuliko ubavuni na kusababisha mpasuko. Andika tarehe na uzito juu ya kila kipande kwa penseli. Pima tena kila wiki kwa mizani ya jikoni. Uzito unapoacha kushuka, kipande kimetulia na hewa ya pale kilipo.

Kwa bakuli na sahani, kereza mara mbili. Mara ya kwanza toa umbo la jumla na uache ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kipenyo; bakuli la milimita 200 libaki na ukuta wa milimita 20. Lifunike kwa gazeti au mfuko wa karatasi uliojazwa maranda yake lenyewe ili likauke taratibu. Likishatulia karakanani, lipeleke katika chumba chenye kiyoyozi, ikiwezekana ofisi ileile litakapokaa, liwekwe juu ya kabati kwa wiki kadhaa huku ukilipima. Litapinda, na hilo ndilo linalotakiwa: lipinde sasa, lingali na unene wa kutosha wa kulikereza upya liwe duara. Mteja mwenye haraka hatapenda kusubiri huku, lakini ni bora aambiwe mapema.

Kerezo, patasi na mwili wa fundi

Kazi zote za mwongozo huu zinawezekana kwenye kerezo dogo lenye uwezo wa kuzungusha kipenyo cha milimita 300. Mafundi wa Lamu wa zamani walikereza matendegu ya vitanda kwa kerezo lililozungushwa kwa kamba ya uta, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukiongoza patasi, na kazi zao bado zinatazamwa kwa heshima. Kwa hiyo ukosefu wa mashine ya gharama si udhuru. Kinachohitajika kweli ni kibanio cha taya nne, bamba la chuma la kufungia kwa skrubu, na patasi tano: ya mfereji mpana kwa kutoa pembe, ya mfereji mwembamba kwa mabonde, ya mshazari kwa kulainisha na kuchonga shanga, yaani vivimbe vya mviringo, nyembamba ya kutenganishia, na ya kukwangua kwa ndani ya vyombo.

Makali ndiyo roho ya kazi. Patasi kali hutoa maranda marefu yanayojikunja. Patasi butu hutoa unga na kuacha nyuzi zimeng'oka, na hakuna msasa utakaoficha jambo hilo. Noa kabla ya kuanza, noa kabla ya mkato wa mwisho, na noa kila unapojikuta unasukuma kwa nguvu.

Kasi huhesabiwa kwa ukubwa wa kipande. Njia rahisi kwa asiye na uzoefu mwingi ni kuzidisha kipenyo kwa milimita na mizunguko kwa dakika, na kuhakikisha jibu halizidi 150,000. Kipande cha milimita 75 kinaweza basi kwenda mizunguko 2,000, na sahani ya milimita 250 isizidi 600. Kipande ambacho bado kina pembe kianze kwa nusu ya kasi hiyo.

Kabla ya kuwasha, zungusha kipande kwa mkono duara nzima ili uone kama kinagusa kiegemeo cha patasi, kaza kila kitu, kisha simama pembeni mwa mstari wa mzunguko wakati wa kuwasha. Vaa kinga ya uso mzima, si miwani pekee. Usivae glovu, saa wala pete. Mikono mirefu ikunjwe na kubanwa juu ya kiwiko, na ushungi, tai au kamba ya kitambulisho vifungwe ndani ya aproni. Vumbi nalo lichukuliwe kwa uzito: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na zaidi ya hapo vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi, pua na mapafu ya watu wengi. Barakoa ya daraja la N95 au FFP2 ivaliwe wakati wote wa kupiga msasa. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.

Kazi ya kwanza: kikopo cha kalamu

Hii ndiyo kazi ya kuanzia, kwa sababu inafundisha karibu kila mkato na haichukui mbao nyingi. Tafuta kipande cha mninga cha milimita 85 kwa 85, urefu milimita 130, nyuzi zake zikienda kwa urefu. Chora mistari ya pembe kwa pembe kwenye ncha zote mbili ili kupata kituo, kisha kibane kati ya ncha yenye meno ya kichwa cha kerezo na ncha inayozunguka ya mkiani, yaani upande wa pili wa kerezo unaosogezwa.

Kitoe pembe kwa patasi ya mfereji mpana, ukianza karibu na mwisho wa kipande na kurudi nyuma kidogo kidogo, mpaka kiwe mviringo wa milimita 80 hivi. Kwenye ncha ya mkiani chonga kikonyo cha kubanwa na taya: kipenyo milimita 50, au kile kinachoziwezesha taya zako kukamata karibu duara kamili, na urefu usiozidi kina cha taya, kwa kuwa kikonyo kikigusa chini ya kibanio kazi yote itayumba. Bega linalozunguka kikonyo liwe tambarare, maana hilo ndilo linaloegemea taya na kutuliza kipande.

Geuza kipande, kikaze katika kibanio, na usawazishe tena. Sasa toboa. Biti ya Forstner ya milimita 50 ikifungwa mkiani hutoa shimo safi lenye kitako bapa. Ishushe kasi hadi mizunguko 300 au 400 kwa dakika, ingia polepole, na uitoe mara kwa mara ili kumwaga maranda, kwa sababu biti iliyozibwa hupata moto na kuchoma mbao. Weka alama ya utepe kwenye shina la biti kwa kina cha milimita 95. Kwa kuwa kikopo kitakuwa na kimo cha milimita 110, kitako kitabaki na unene wa milimita 15, na unene huo ndio utakaozuia kikopo kupinduka kikijaa kalamu upande mmoja.

Rudisha mkia wa kerezo ukiwa na koni ya mbao inayoingia mdomoni mwa kikopo ili kukitegemeza, halafu umbe nje. Umbo ninalolipendelea lina kitako cha milimita 74, kiuno cha milimita 68 na mdomo unaofunguka tena kidogo kufikia 70; ukuta hautapungua milimita 9, na mstari wake hauonekani umetoka kiwandani. Pambo litoshe kuwa mabonde mawili membamba chini ya mdomo. Ukitaka mistari myeusi ndani ya mabonde hayo, chora mfuo kwa ncha ya patasi ya mshazari, kisha bana waya mwembamba uliofungwa vishikio vya mbao ndani ya mfuo huku kipande kikizunguka, mpaka moshi utokee. Waya usizungushwe vidoleni hata mara moja.

Piga msasa kuanzia namba 120, kisha 180, 240, 320 na 400, na kila mara usimamishe kerezo na kusugua kwa mkono kufuata nyuzi kabla ya kwenda namba inayofuata. Tenganisha kwa patasi nyembamba, ukielekeza ncha yake ndani kidogo ili kitako kiwe na bonde dogo katikati. Kikopo kitasimama kwa ukingo wake na hakitayumba juu ya kioo cha meza.

Kazi ya pili: saa ya ukutani

Saa ndiyo pambo linaloonekana zaidi ofisini, nami ningeiweka mbele ya sahani yoyote ya kutundika. Anza kwa kununua mashine ya saa ya betri, si kwa kukata mbao, kwa kuwa vipimo vyote hutegemea mashine hiyo. Nyingi zina umbo la mraba wa karibu milimita 56 na unene wa milimita 16 hivi, lakini urefu wa mhimili hutofautiana sana. Pima sehemu yenye nyuzi za nati. Unene wa mbao utakaobaki katikati ya saa lazima upungue urefu huo kwa milimita 3 au 4, la sivyo nati haitashika.

Kata duara la milimita 255 kutoka ubao wa unene wa milimita 30. Kama huna ubao mpana kiasi hicho, unganisha vipande viwili kwa gundi, ukiviweka ili michoro yake ikutane kwa mpango na si kwa bahati. Funga bamba la chuma upande wa nyuma kwa skrubu fupi zinazoingia milimita 12 tu. Matundu yake mengine yatafutika utakapochimba shimo la mashine, na yatakayobaki yatatazama ukuta.

Kwa kasi ya mizunguko 500 hadi 600, sawazisha ukingo kwanza, kisha uso. Chimba uso uwe bonde la taratibu sana, ukianzia karibu na ukingo na kuelekea katikati, hadi kina cha milimita 5, na ukiache ukingo wenye upana wa milimita 25 uliopinda kidogo kwa nje. Angalia usawa wa bonde kwa rula iliyowekwa wima: mwanga wa upande huonesha kila tuta, na vanishi italionesha zaidi. Kukiwa na nyuzi zilizong'oka katika sehemu mbili zinazokabiliana, ambako kerezo hukata kinyume na nyuzi, noa patasi, paka nta kidogo mahali hapo, na upitishe mkato mwembamba sana kabla ya kukimbilia msasa.

Alama za saa huwekwa kipande kikiwa bado kwenye kerezo. Chora duara la nukta kwa penseli huku kikizunguka, simamisha, kisha chukua bikari na uifungue sawa na nusu kipenyo cha duara hilo. Nusu kipenyo hukata mzingo wa duara lake mara sita kamili, hivyo utapata alama sita. Gawa kila nafasi katikati na utakuwa na kumi na mbili, zote zikiwa zimetengana kwa nyuzi 30. Hakikisha alama ya saa kumi na mbili na ya saa sita zinalala juu ya mstari mmoja na nyuzi za mbao, wima, maana saa yenye nyuzi zilizolala mshazari huonekana imetundikwa vibaya hata ikiwa imetundikwa sawa. Toboa matundu ya milimita 6, kina milimita 6, gonga ndani vijiti vya mpingo vilivyopakwa gundi, na gundi ikishakauka vikate na kuvisawazisha pamoja na uso. Vumbi jeusi la mpingo hupenda kuchafua mninga. Lifute kwa brashi kavu na lisisuguliwe kwa kitambaa chenye maji.

Toboa tundu la mhimili katikati, kisha ondoa kipande kwenye kerezo. Shimo la mashine huchimbwa mezani: chora mraba wa milimita 60 nyuma, toboa matundu mengi hadi kina cha milimita 18, na usafishe kwa patasi na nyundo ya mbao. Katikati patabaki milimita 7 za mbao. Fundi mwenye mashine ya kuchimbia atamaliza kwa dakika chache, lakini patasi inatosha. Saa iliyokamilika ya mninga wa kipimo hiki haifiki kilo moja, hivyo skrubu moja nzuri ukutani inaibeba.

Kazi ya tatu: taa ya mezani

Kwa taa, umbo lipo tayari katika urithi wa pwani. Matendegu ya vitanda na vijiti vya roshani za Mji Mkongwe wa Unguja vimejengwa kwa mpangilio uleule: shanga, bonde, pete nyembamba, kisha uvimbe mrefu unaopungua taratibu. Chukua mpangilio huo, lakini punguza. Shanga tatu zilizopangwa kwa nafasi zisizolingana, na sehemu moja ndefu isiyo na kitu, hupendeza kwenye meza ya kazi kuliko mlolongo wa mapambo kumi.

Nguzo ya taa iwe na urefu wa milimita 280 na unene wa milimita 70 mahali panene zaidi. Tatizo ni tundu la waya. Badala ya kutafuta keekee ndefu, pasua kipande chako katikati kwa urefu kabla ya kukereza, randa nyuso mbili zilizopasuliwa, chimba mfereji wa nusu duara katika kila moja ili ikutanapo itoe tundu la milimita 10, kisha unganisha tena kwa gundi na uibane usiku mzima. Ukiwa na msaji au mpingo, futa nyuso hizo kwa thina muda mfupi kabla ya gundi, kwa sababu mafuta yake ya asili huzuia gundi kushika. Ziba ncha za tundu kwa vizibo vya mbao ili kerezo lipate mahali pa kushika, na uvitoe mwishoni.

Kitako kiwe duara la milimita 170, unene milimita 40, cha mkongo au mninga mzito. Chimba chini yake kiwe na uvungu, na ukate mfereji wa kutokea waya ubavuni. Kitako kinacholalia waya wake kitayumba daima. Nguzo iingie kitakoni kwa kikonyo cha milimita 25. Tumia balbu ya LED ya wati 5 hadi 7, ambayo haitoi joto la kutisha mbao wala kivuli cha kitambaa, na plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Kazi ya kuunganisha umeme ikaguliwe na fundi umeme kabla taa haijapelekwa ofisini, hasa ikiwa unaiuza.

Vifaa vidogo

Bakuli la chini la klipu na funguo, kipenyo milimita 150, hukerezwa kutoka kipande chochote cha mwembe wenye mistari. Kishikio cha kadi ni nusu tufe lililokatwa mkato mmoja wa msumeno, nacho ni kazi nzuri ya kumaliza mabaki. Chombo chembamba cha maua makavu au masuke ya nyasi hakihitaji kutobolewa zaidi ya milimita 15 kwa upana, na kinaweza kukerezwa kutoka tawi likiwa na gome lake. Vigingi vya ukutani ni bora kuliko vyote hivi kwa faida: huko Nairobi, Arusha na Mbeya vitabeba makoti, na pwani ambako koti ni la harusi vitabeba mikoba, miavuli na kofia za pikipiki. Vikerezwe vitano kwa pamoja kutoka kijiti kimoja kirefu, kila kimoja kikiwa na shingo nyembamba na kichwa kipana, na vifungwe vikiwa vimeinuliwa kidogo juu, kwa nyuzi tano hivi, ili mzigo usiteleze.

Kumalizia

Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyakimbilia kwa sababu yapo jikoni, hayafai. Hayakauki: hubaki yakinata, hukusanya vumbi la ofisi, na hatimaye hunuka. Tumia mafuta ya kitani yaliyochemshwa au mchanganyiko wa mafuta na vanishi unaouzwa madukani, ukipaka kwa wingi, ukisubiri robo saa, ukifuta chote kilichobaki juu, na kurudia baada ya siku moja, mara tatu. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hujipasha moto yenyewe yakirundikwa na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke yakiwa yamekunjuliwa, au yaloweke majini kabla ya kuyatupa.

Vitu vinavyoshikwa mara nyingi, kama kikopo na vigingi, hufaidika na tabaka mbili za shelaki, aina ya vanishi ya asili, iliyoyeyushwa kwa spiriti, kisha nta ya nyuki. Nta nzuri hupatikana Tabora na kwingineko kunakofugwa nyuki. Yeyusha sehemu moja ya nta ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, toa motoni, kisha changanya sehemu tatu za tapentaini mbali kabisa na moto. Saa ya ukutani ipewe vanishi isiyong'aa, kwa kuwa taa za dari huakisi kwenye uso unaong'aa na kuficha mishale. Mpingo ni wa kusugua hadi msasa namba 1,000 na zaidi, kwa mkono mwepesi na bila kuupasha moto, maana joto huupasua, halafu nta peke yake.

Kuviweka mahali pake

Vitu vya chumba kimoja vitoke katika mti mmoja, au miti miwili inayopatana, na virudie pambo moja dogo: mabonde mawili ya kikopo yaonekane pia kwenye nguzo ya taa na ukingoni mwa saa. Vitatu vinatosha ofisi ya mtu mmoja. Usiviweke chini ya mkondo wa kiyoyozi wala kwenye dirisha linalopigwa na jua la alasiri; mninga na mfenesi hubadilika rangi kwa mwanga, na karatasi iliyosahauliwa juu ya bakuli huacha kivuli chake. Bandika kitambaa cha sufi chini ya kila kinachokaa mezani. Msafishaji aelezwe kwamba ni kitambaa kikavu tu, bila dawa ya vioo, na nta ipakwe tena kila inapoonekana mbao imefifia, jambo ambalo kwa kikopo kinachoguswa kila siku huweza kuwa mara mbili kwa mwaka na kwa saa ya ukutani lisiwe na haja kwa miaka mingi.